Moto Uliowashwa Mwezi wa Joto

Ni katikati ya Julai, na katika jumba kubwa la mashambani huko Essex, Uingereza, bibi tajiri anaagiza moto uwashwe chumbani mwake. Siku yenyewe ni ya joto, nyuzi 80 za Farenhaiti kivulini. Alfajiri ya siku inayofuata bibi anakufa kwa sumu ya striknini. Watu wa nyumbani wanashughulika na kikombe cha kahawa, milango iliyofungwa kwa komeo na ugomvi uliosikika mchana. Mtu mmoja tu, mfupi, mwenye masharubu yaliyotunzwa kwa uangalifu mkubwa, anauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: moto wa nini siku ya joto namna hii?

Jibu lake limo katika hali ya nchi. Uingereza iko vitani, katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika jumba lile kila kipande cha karatasi kilichokwisha kazi kinawekwa akiba na kupelekwa kwa magunia, kisipotee bure. Hakuna karatasi inayotupwa. Basi mtu anayetaka kuangamiza hati nzito, kama vile wosia, bila mtumishi yeyote kuiona, hana njia ila kuichoma.

Huu ni mmoja wa vidokezo vya The Mysterious Affair at Styles, riwaya ya kwanza ya Agatha Christie, iliyoandikwa mwaka 1916, ikachapishwa Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka uliofuata. Ndiyo iliyomleta duniani mpelelezi Hercule Poirot. Na kidokezo chenyewe kisingefaa kitu wakati wa amani. Ondoa vita, na moto ule unabaki kuwa kichekesho cha bibi mzee anayehisi baridi.

Mara nyingi riwaya za aina hii husemwa kuwa ni za kujificha. Watu walikuwa wanakufa kwa maelfu kwenye mahandaki ya Ufaransa, lawama husema, huku waandishi wa Kiingereza wakichezea maiti moja kwenye maktaba ya kasri. Lawama hiyo ina ukweli wake, kwa maana mizinga haisikiki katika kurasa hizo na damu ni kidogo. Lakini anayezisoma kwa makini huiona vita mahali pengine: katika mashine yenyewe ya fumbo. Vita ndiyo iliyowapa waandishi sumu, ndiyo iliyowaleta wageni wasiojulikana vijijini, ndiyo iliyobadili mambo madogo ya nyumbani, kama karatasi, siagi na makaa, yakawa ushahidi. Kuijua vita hiyo kunaongeza utamu wa kusoma maradufu.

Christie aliipata sumu yake kazini. Alizaliwa mwaka 1890 huko Torquay, mji wa pwani kusini-magharibi ya Uingereza, na vita ilipoanza mwaka 1914 alijitolea kuwa muuguzi katika hospitali iliyofunguliwa ndani ya ukumbi wa halmashauri ya mji. Mkesha wa Krismasi mwaka huo aliolewa na Archie Christie, rubani wa jeshi la anga, ambaye karibu mara moja alirudi Ufaransa. Baadaye Agatha alihamishiwa chumba cha dawa cha hospitali hiyo. Siku hizo dawa nyingi hazikuja zimefungwa tayari kutoka kiwandani. Zilichanganywa kwa mkono, kwa mizani na vipimo, na mwenye kazi hiyo alipaswa kujua ni kiasi gani kinaponya na ni kiasi gani kinaua. Mwaka 1917 alifaulu mtihani wa Jumuiya ya Wafamasia wa London.

Katika kumbukumbu zake Christie anamweleza mfamasia mmoja wa mjini aliyemfundisha kazi. Siku moja bwana huyo alitoa mfukoni kidonge cheusi na kumwambia ni kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika ya Kusini hupaka kwenye mishale. Alikuwa akitembea nayo kwa sababu ilimfanya ajione mwenye nguvu. Msichana yule hakumsahau. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 1961, kumbukumbu ya mtu huyo ilimsaidia kuandika The Pale Horse.

Kazi ya chumba cha dawa ilikuwa na saa nyingi za kukaa bure baada ya chupa kujazwa. Dada yake mkubwa, Madge, alikuwa amewahi kumwambia kwamba hataweza kuandika hadithi ya upelelezi. Sasa, akiwa amezungukwa na rafu za sumu, alianza kuipanga. Alipokwama katikati alichukua likizo ya wiki mbili akaenda kukaa hotelini huko Dartmoor, kwenye nyika zenye upepo: asubuhi anaandika, mchana anatembea peke yake akijisemea maneno ya wahusika kwa sauti.

Kwa hiyo fumbo la Styles limejengwa juu ya elimu halisi. Striknini huua haraka. Kama ilikuwa ndani ya kahawa ya jioni, mbona bibi alishikwa na degedege karibu na mapambazuko? Makala hii haitafichua jibu, ila itoshe kusema kwamba mtu aliyewahi kuchanganya dawa za maji na kuziacha zitulie kwenye chupa ana nafasi nzuri kuliko wengine ya kulipata. Jarida la wafamasia wa Uingereza lilikisifu kitabu kwa kuieleza sumu kama inavyofanya kazi hasa, na Christie aliithamini sifa hiyo kwa miaka yote.

Masharubu nayo yalitoka vitani. Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na Wabelgiji wapatao 250,000 wakakimbilia Uingereza. Nchi hiyo ilikuwa haijawahi kupokea wakimbizi wengi hivyo kwa mkupuo. Baadhi yao waliwekwa Torquay. Mwanzoni wenyeji waliwapokea kwa moyo mkunjufu, wakawapa nyumba na samani. Kadiri miezi ilivyopita, uvumilivu wa baadhi yao ulipungua. Christie aliyaona yote hayo katika parokia ya nyumbani kwake. Alipotafuta mpelelezi asiyefanana na Sherlock Holmes, alijiuliza: kwa nini asiwe Mbelgiji, afisa wa polisi aliyestaafu, mkimbizi?

Hivyo Poirot anapotokea kwa mara ya kwanza hana ofisi wala wateja. Anakaa na Wabelgiji wenzake katika nyumba ndogo ya kijijini, kwa hisani ya bibi yuleyule atakayeuawa. Anachechemea kidogo. Wanakijiji wanamwona kichekesho. Naye anaifuatilia kesi kwa deni la shukrani, jambo ambalo wengi wanaomjua Poirot kupitia filamu za siku hizi, akiwa amekaa kwenye treni za kifahari, hawalitarajii.

Msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi ana haki ya kusimama hapa na kutafakari. Ubelgiji anayoifahamu kutoka historia ya kwao ni ya watawala. Mwaka uleule wa 1916, Christie akiwa Dartmoor na daftari lake, askari wa Kiafrika wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo, chini ya maofisa wa Kibelgiji waliingia Rwanda na Burundi, na mwezi Septemba wakaiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani. Nchi moja ilikuwa na raia wanaoishi kwa sadaka ng’ambo ya bahari, na wakati huohuo majeshi yanayoteka ardhi ya wengine. Riwaya inaonyesha upande wa kwanza tu. Kuufahamu wa pili hakumharibii Poirot. Kunamfanya awe mtu wa wakati wake.

Kitabu hakikupata mchapishaji kwa urahisi. Kilikataliwa mara kadhaa, kisha kikakaa karibu miaka miwili kwa John Lane wa kampuni ya The Bodley Head, ambaye alitaka sura ya mwisho ibadilishwe. Christie alikuwa ameweka ufafanuzi wa Poirot mahakamani, akitoa ushahidi kizimbani, na Lane aliona hakuna hakimu ambaye angeruhusu hotuba ya namna hiyo. Mwandishi akaiandika upya. Safari hii Poirot anawakusanya wote sebuleni, anawaketisha, na kuanza kufumbua. Tukio hilo, washukiwa wamekaa kwenye viti huku mpelelezi akizungukazunguka, limeigwa tangu hapo katika vitabu, filamu na tamthilia zisizohesabika. Malipo ya Christie kwa yote hayo yalikuwa pauni 25. Mwaka 1935, kampuni ya Penguin ilipoanza kutoa vitabu vya jalada laini kwa peni 6, Styles ilikuwa miongoni mwa 10 vya kwanza.

Msomaji wa Kiswahili haingii ugenini kabisa anapoifungua riwaya hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa, mwenye kiko chake na akili yake kali, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na ndugu wa damu wa Bwana Msa ni Sherlock Holmes. Jinsi Najum, rafiki wa Bwana Msa, anavyomfuata, akiona yaleyale anayoyaona mwenzake bila kuyaelewa, ndivyo Kapteni Hastings anavyomfuata Poirot. Hastings ni askari aliyerudishwa nyumbani kwa majeraha, mkarimu, mwepesi wa kupenda na mwepesi zaidi wa kukosea. Yeye ndiye anayesimulia. Raha ya kwanza ya kusoma iko hapo: kila anachokiona Hastings ni kweli, na karibu kila anachokihitimisha si kweli. Ukijifunza kuyatenganisha mawili hayo, umeanza kucheza mchezo.

Maana huu ni mchezo wenye masharti. Mwandishi wa fumbo la kale la Kiingereza anatakiwa kumwekea msomaji mezani kila kitu ambacho mpelelezi anakijua. Haruhusiwi kumleta muuaji katika ukurasa wa mwisho kama mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni. Anaruhusiwa, hata hivyo, kukificha kitu mbele ya macho, na hakuna pazuri pa kukificha kama ndani ya mazoea ya kila siku. Mtu wa 1916 aliijua habari ya magunia ya karatasi kiasi kwamba hakuiona tena. Sisi wa leo tunaikuta ngeni, na kwa kweli hiyo ni faida yetu.

Dorothy L. Sayers alilitumia vema jambo hilo katika The Unpleasantness at the Bellona Club, mwaka 1928. Jenerali mwenye umri wa miaka 90 anakutwa amekufa kwenye kiti chake klabuni London, jioni ya tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Saa ya kifo chake ina thamani ya fedha nyingi, kwa sababu dada yake tajiri amekufa siku hiyohiyo na urithi unategemea nani alitangulia. Tangu mwaka 1921 Waingereza walikuwa na desturi ya kuvaa ua jekundu la bandia kifuani siku hiyo. Jenerali hana ua. Mwanajeshi mzee angewezaje kupita mitaa ya London siku ile bila kulivaa? Mpelelezi wa Sayers, Lord Peter Wimsey, mwenyewe ni majeruhi wa vita: mwili umepona, lakini usiku anarudiwa na mahandaki, na mtumishi wake Bunter, aliyekuwa sajenti wake, ndiye anayejua kumtuliza. Anayesema riwaya hizi ziliikimbia vita na azisome kurasa hizo.

Vita Kuu ya Pili ilikuja na aina nyingine ya woga, kwa kuwa safari hii bomu lilimfuata raia kitandani. Kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941 mashambulizi ya ndege za Ujerumani yaliua raia zaidi ya 40,000 Uingereza. Katika hali hiyo Christianna Brand aliandika Green for Danger, iliyotoka mwaka 1944, ambayo huenda ndiyo riwaya ya upelelezi iliyobeba vita kwa ukamilifu kuliko zote za lugha hiyo.

Hadithi inaanza na mpeleka barua, Joseph Higgins, akisukuma baiskeli yake kupanda kilima kuelekea hospitali ya jeshi huko Kent. Ana barua saba, kutoka kwa watu saba wanaokubali kuja kufanya kazi hapo: madaktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, wauguzi. Mmoja wa waandishi wa barua hizo ni muuaji. Baadaye Higgins anajeruhiwa katika shambulio la anga, analetwa hospitali ileile, amevunjika mguu tu, kitu cha kawaida kabisa. Anafia mezani kabla ya kisu kumgusa.

Brand alikuwa ameolewa na daktari wa upasuaji, na ujuzi wa chumba cha upasuaji umejaa kitabuni: taa, barakoa, mitungi ya gesi iliyopangwa kwa rangi zake, mikono inayojua kazi bila kuambiwa. Anayesoma na ayatazame mambo hayo kama fundi anavyotazama zana. Kinachotisha zaidi ya maiti ni mahali penyewe. Mgonjwa aliyelazwa chini ya nusukaputi amejikabidhi mzima kwa watu wengine, na hao ni mashujaa: wanafanya kazi usiku kucha huku mabomu yakianguka, wanacheka, wanapendana, wanapigania maisha ya askari wasiowajua. Mkaguzi Cockrill anapofika anaanza kuwashuku, na msomaji anajikuta hataki hata mmoja wao awe na hatia. Hata sababu ya mauaji, inapojulikana, inatokana na mabomu. Ni nadra fumbo la aina hii kumwacha mtu na huzuni ya kweli, hili huacha.

Mwaka 1946 mwongozaji Sidney Gilliat alikigeuza kuwa filamu, Alastair Sim akiwa Cockrill. Filamu ilisogeza wakati hadi Agosti 1944, majira ya mabomu ya V-1, yale yaliyoruka yenyewe bila rubani, yakipita juu ya Kent kuelekea London. Injini yake ilinguruma angani. Ilipokatika, watu walijua kwamba bomu linashuka. Gilliat aliutumia ukimya huo. Wahusika wanazungumza, mngurumo unakuja, unakatika, na kila mtu anasimama alipo akisubiri. Watazamaji wa kwanza walikuwa wameusikia ukimya ule kwa masikio yao miaka miwili tu kabla.

Christie mwenyewe alirudi kwenye chupa za dawa wakati wa vita hii, katika hospitali ya University College mjini London. Akihofia kuuawa na bomu, aliandika riwaya mbili na kuziweka mahali salama, moja kwa ajili ya binti yake Rosalind na nyingine kwa ajili ya mume wake wa pili, Max Mallowan, ili wapate cha kuuza kama hatakuwepo. Ya binti ilikuwa Curtain, kesi ya mwisho ya Poirot. Ilitolewa mwaka 1975, na gazeti la The New York Times likachapisha taazia ya Poirot kwenye ukurasa wa mbele, kana kwamba alikuwa mtu aliyeishi.

Lakini kitabu chake kinachoeleza vizuri zaidi kile ambacho vita iliwafanyia majirani kilikuja baada ya mizinga kunyamaza. A Murder Is Announced cha mwaka 1950 kinafunguka kwa tangazo dogo gazetini: mauaji yatafanyika Ijumaa, tarehe 29 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, katika nyumba iitwayo Little Paddocks, na marafiki wanakaribishwa. Majirani wanadhani ni mchezo, wanakuja wamevaa vizuri. Saa inafika, taa zinazimika, bastola inalia.

Vita imekwisha miaka kadhaa, lakini chakula bado kinapatikana kwa kadi. Mgawo ulianza Januari 1940 na haukuondolewa kabisa hadi Julai 1954. Kijijini watu wanabadilishana siagi, sukari na mboga kinyume cha sheria, wakiingia nyumba za wenzao kwa mlango wa nyuma usiofungwa na kuacha kifurushi mezani. Polisi anayetaka kujua nani aliingia wapi anajikuta hana pa kushika, maana kila mtu huingia kila mahali, na kila mtu ana sababu ya kunyamaza. Makaa nayo ni haba. Atakayejiuliza nyumba ipi inapashwa joto kwa njia gani, na tangu lini, hatapoteza muda wake.

Na juu ya yote kuna suala la nani ni nani. Miss Marple, bibi wa kijijini mwenye macho makali, anaeleza kwamba zamani kila mtu kijijini alijulikana ukoo wake, na mgeni akija alikuja na barua ya kumtambulisha kutoka kwa anayeaminika. Sasa watu wamehamahama. Nyumba zimebomolewa, ndugu wamekufa ng’ambo, na mtu anatua kijijini na kadi ya mgawo na kitambulisho tu, kile kilichotolewa kwa raia wote tangu Septemba 1939. Karatasi inasema jina lake ni fulani. Nani wa kubisha? Mpishi wa nyumba hiyo, Mitzi, ni mkimbizi kutoka Ulaya ya kati, na wote wanamwona mwongo. Msomaji aliyemkumbuka Mbelgiji wa mwaka 1916 ataona jinsi mkimbizi anavyotazamwa safari hii, kwa jicho baya zaidi, na atajihadhari kuyameza maoni ya wanakijiji.

Kwa anayeanza, Styles ndiyo mlango mwafaka: ni fupi, na makosa yake machache ya mwandishi mchanga, hasa wingi wa vidokezo, yanasameheka. Ifuatwe na A Murder Is Announced, isomwe polepole, kwa siku mbili au tatu, na majina ya majirani yaandikwe pembeni kwa penseli kwa sababu ni wengi na kila mmoja ana kazi yake. Green for Danger isomwe kabla ya kuitazama filamu, kwani filamu imepunguza watu na kubadili mwisho wa baadhi yao. Curtain iachwe hadi msomaji awe ameishi na Poirot katika vitabu vitano au sita. Na kila kimoja kisomwe mara mbili. Mara ya kwanza unamtafuta muuaji. Mara ya pili, ukiwa umeshamjua, unamfuata mwandishi: unaona pale alipoliweka jibu, sentensi moja katikati ya maongezi ya chai, bei ya makaa au malalamiko juu ya siagi, nawe ukapita.